Sekunde Ishirini za Mwanzo

9 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo, Mungu anatushika mkono. Mama magoti yanamsumbua asubuhi tu. Ikifika saa nne anazunguka nyumba nzima kunikosoa. Jana ameniambia nafagia kama mtu anayebembeleza vumbi. Wifi yangu mzima? Na yule mdogo, jino la mbele limeota?

Nimekupigia simu mara sita tangu mwaka uanze. Kila mara anapokea wifi, na kila mara ananiambia uko chini ya gari. Mtu gani anaishi chini ya gari? Basi nimeona nikuandikie, maana Mama alitufundisha kwamba jambo zito lina heshima yake, linakaa kwenye karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Chuo chetu kimebadilika. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wangu wa ushonaji ni watu wenye kazi zao, wanakuja darasani mara moja kwa mwezi. Siku nyingine wanataka kujifunzia nyumbani. Mkuu wa chuo ameagiza kila mwalimu arekodi masomo kwa video, na si video ya kusimama mbele ya kamera ukitabasamu. Unarekodi kioo cha kompyuta chenyewe. Mwanafunzi anaona kila unachofanya kwenye ile programu ya kuchorea vipande vya nguo, huku anasikia sauti yako ikimweleza.

Mwisho wa Mei kila mmoja wetu ataonyesha somo moja ukumbini. Ataitwa mtu asiyejua kitu, aketi mbele ya kompyuta afuate video. Akishindwa, darasa linapewa mtu mwingine na mwenyewe unahamishiwa stoo kugawa nyuzi na vifungo. Mdogo wangu, nimefundisha miaka ishirini na miwili. Shule yangu unaijua ilipoishia. Darasa hili ndilo Mungu alilonipa.

Karani wa ofisini amenionyesha: unabonyeza kitufe chekundu, unahesabu moja mbili tatu, unaanza. Ajabu yake imenishika. Kompyuta inajitazama yenyewe halafu inakumbuka! Nimerekodi video ya kwanza saa ya chakula cha mchana, mashine za darasani zikiwa zimenyamaza. Flashi iko ndani ya bahasha. Itazame uniambie ukweli, usinionee haya. Wewe utakuwa mtu wa kwanza kuitazama, na hilo nimelitaja humo humo.

Dada yako.


27 Februari

Dada, shikamoo. Na Mama mpelekee shikamoo yake, umwambie magoti apumzishe, ulimi tunajua haupumziki.

Sisi wazima. Jino limeota, limepinda kidogo kama la babu yake. Wifi yako anakusalimu sana. Simu yangu spika imekufa, ndiyo maana inakaa kwake. Andika tu, barua zako nazipenda.

Video nimeitazama kwenye kompyuta ya duka la vipuri lililo mkabala na gereji. Umetaka ukweli, haya shika. Karibu dakika zote saba mshale umelala kwenye kona kama paka aliyeshiba. Dakika ya pili mstari mmoja umechorwa, dakika ya tano mwingine. Katikati hakuna kilichotendeka. Nikadhani kompyuta imeganda, nikaipiga kofi la kirafiki, mwenye duka akaniambia hilo si gari.

Halafu zile sekunde ishirini za mwanzo ni tupu kabisa. Hakuna kitu. Zikate.

Usikate tamaa lakini. Karibu na mwisho, ulipokunja ule mstari wa shingo, nilisogeza kiti mbele. Nilitaka kujua umefanyaje.

Mdogo wako.


8 Machi

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, nikacheka mpaka Mama akauliza mgeni ni nani. Unajua mshale ulikuwa umelala kwa nini? Nilikuwa naonyesha kwa kidole! Miaka yote nimefundisha na rula mkononi, nagonga ubaoni, "hapa, halafu hapa." Mbele ya kompyuta nikafanya vile vile. Kioo kina alama za vidole vyangu kama dirisha la nyumba yenye watoto. Na mimi nasema hapa, hapa, hapa, najisikia mwalimu kweli kweli, kumbe mwanafunzi haoni kidole wala rula wala mimi. Angefikiri nimekwenda kunywa chai.

Sasa nimejifunga. Mkono wa kushoto naukalia, wa kulia uko kwenye kipanya. Nikitaka kuonyesha kitu nautuma mshale. Nimezoea hadi jana, mtu alipoulizia njia ya kwenda posta, mkono wangu ukaanza kuserereka hewani kama unasukuma kipanya.

Kuhusu zile sekunde ishirini, umesema ni tupu. Sikufichi, neno hilo limenichoma. Kwa mtu mwingine ningesema hajui. Lakini wewe, tuliolelewa chumba kimoja! Hazikatwi. Tuliache hapo.

Video ya pili ni hii. Niambie na sauti yangu ikoje. Karani anasema naongea kama ninayemwita mtu ng'ambo ya barabara. Na habari za gereji mbona huziandiki? Bado wanaleta magari kutoka mbali, "Sikio asikilize kwanza"? Huwa najivuna nalo jina lako hilo, Mungu anisamehe.

Dada yako.


30 Machi

Dada, shikamoo.

Mtoto ameanza kung'ata watu kwa lile jino. Wifi yako amepata mafua, yamepita. Gereji ipo.

Nilichokuchoma nacho sikijui, ila nisamehe. Wewe ni dada yangu, nikikosea nipige.

Video ya pili ni safi kabisa, haina doa. Mshale umeamka! Sasa nikuombe mambo ambayo utaona ni usumbufu. Ukuze huo mshale, uuvishe duara la njano, kuna mahali pa kuweka hivyo kwenye programu, mwulize karani. Ukibonyeza kitu, subiri kidogo kabla ya kubonyeza kingine. Na kila hatua iandike pale pale kwenye kioo, maneno machache, makubwa. "Chagua mstari." "Vuta juu." Uyaache mpaka mtu amalize kuyasoma, tena msomaji wa polepole.

Ukimaliza, itazame video yako bila sauti hata chembe. Wewe uliyeitengeneza usipoielewa, basi haijaiva.

Mdogo wako.


14 Aprili

Mdogo wangu, marahaba.

Mama leo ameamka vizuri, amekunywa uji wote na kuomba mwingine. Mpe wifi pole ya mafua. Huyo mwenye jino mwambie shangazi yake anakuja na yeye ana meno yote.

Nina maneno na wewe. Umesema video ya pili haina doa. Nimeipeleka kwa mwalimu wa useremala, akaniambia hili si somo, ni harusi! Bawabu alikuwa nje ya dirisha anaosha ndoo, anaimba kwa nguvu zote tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilizama kwenye kazi hata sikumsikia. Wewe hukumsikia vipi? Kama unanihurumia, huruma hiyo itanifikisha stoo.

Na "Gereji ipo" ni jibu gani? Hata ukuta upo.

Lakini kazi uliyonipa nimeifanya, kwa kunung'unika. Mdogo wangu, maneno machache ni magumu kuliko mengi! Na yamenifungua macho. Kwenye shingo ya mviringo huwa nawaambia wanafunzi, "halafu unavuta kidogo." Nilipotakiwa kuandika, nikakwama. Kidogo ni kiasi gani? Nikachukua utepe, nikapima mikono yangu mwenyewe inavyofanya. Ni sentimita mbili na nusu, kila mara, haipungui. Miaka ishirini na miwili nimewafundisha watu "kidogo" bila kujua nina kipimo mwilini. Nilikaa kitini nikashangaa uumbaji wa Mungu. Sasa napima kila kitu. Mama anasema nisije nikampima na yeye.

Nijibu mapema. Mei si mbali. Na swali la sauti bado hujanijibu.

Dada yako.


2 Juni

Mdogo wangu,

Wiki saba hujanijibu. Nilimpigia wifi, akasema uko chini ya gari, halafu akanyamaza kwa namna ambayo wifi hanyamazi. Sikumsukuma.

Nikueleze siku ya mtihani, ilikuwa Ijumaa. Mkuu wa chuo alimwita mpishi wetu awe ndiye mtu asiyejua. Mpishi akaja anajifuta mikono. "Kompyuta mimi naijua kwa kuifuta vumbi tu," akasema, ukumbi ukacheka. Akaanza na somo la mwalimu wa useremala. Yule bwana ana sauti ya msoma habari, tamu, iliyonyooka. Hajafika hata dakika mbili, mvua ikashuka juu ya mabati. Si mvua, ni mawe. Spika mbili za ukumbi zikawa kama mbu.

"Anasema nini?" mpishi akauliza.

"Anasema pima kona!" mwalimu mwenyewe akapiga kelele.

"Kona ya wapi?"

Kwenye kioo, mshale unakimbia huku na huko, hakuna anayejua unatafuta nini. Mpishi akaweka mikono mapajani. Mkuu akasema ngoja tuweke la ushonaji, mvua ikizidi tutaahirisha. Mimi midomo ilikuwa inaomba yenyewe.

Nilikuwa nimechagua somo la aproni. Video ikaanza. Mpishi akatulia. Maneno yakaja, CHAGUA MSTARI, na duara la njano likatua pale pale. Akabonyeza. VUTA JUU, SENTIMITA MBILI NA NUSU. Akavuta. Mvua inaunguruma, hasikii hata neno langu moja, na mkono wake unatembea! Mkuu akainama akamwambia karibu na sikio, "Tuahirishe?" Mpishi bila kugeuka akajibu kwa sauti ya jikoni, "Niacheni! Huyu namwelewa."

Alipofika kwenye mfuko akasimama. Nikajua tumeanguka. Akasema, "Mfuko huu mdogo, mwiko wangu utakaa wapi?" Akaurefusha mwenyewe. Video haikumfundisha hilo. Ukumbi ulipiga makofi, nikayaona zaidi ya kuyasikia.

Darasa nimebaki nalo. Mwalimu wa useremala amepewa mwezi mmoja ajaribu tena, na jana amekuja kuniuliza duara la njano linawekwaje.

Sasa nisikilize. Nilirudi nyumbani nimelowa, nikaketi, furaha yote ikageuka kitu kingine. Nilijiuliza, mdogo wangu alijuaje? Nani anamshauri mwalimu atazame video yake bila sauti? Nikazitoa barua zako nikazipanga mezani. Kwenye video ya kwanza nilisema "hapa" mara thelathini na moja, nimezihesabu. Mtu yeyote angenicheka kwa hizo "hapa." Wewe uliucheka mshale. Bawabu aliimba somo zima, ukasema haina doa. Nimekuuliza sauti mara mbili, hujagusa. Na mwanzo wa video, mahali nilipoongea kwa moyo wangu wote, ukaniambia ni tupu.

Sikuulizi kwa hasira. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua. Tangu lini?

Dada yako.


24 Juni

Dada, shikamoo.

Barua yako ya Aprili niliiweka chini ya boksi la spana. Kila nikitafuta spana namba kumi naiona. Hii ya Juni nimeisoma mbele ya wifi yako, akalia. Nilikuwa nimemlisha kiapo, usimlaumu. Nimempunguzia mzigo.

Sikio la kushoto lina miaka miwili limeondoka. La kulia linafuata polepole kama gari linalovutwa. Daktari anasema ni kelele za kazi. Alinichorea mstari wa usikivu wangu kwenye karatasi, ukishuka kama zile shingo zako za mviringo, nikacheka mbele yake, akadhani sijaelewa.

Pale gereji mimi ni Sikio. Mtu anakuja na gari linalolia, ananisimamisha mbele ya injini, watu wananyamaza nisikilize. Nainamisha kichwa kama zamani, lakini mkono naulaza juu ya injini. Mkono ndio unaoniambia. Wao wanadhani ni madoido. Mwezi wa pili niliruhusu lori litoke, nikasema ni zima. Watu wote barabarani walisikia linavyokwaruza, isipokuwa mimi. Lilirudi limefungwa kamba. Wakasema siku hizi Sikio ana dharau. Nikaona bora dharau kuliko ukweli.

Flashi yako ilifika wiki ile ile. Dada, sikuitazama kama mkaguzi. Niliitazama kama mwanafunzi. Nilitaka kujua kama bado naweza kufundishwa kitu na mtu ninayempenda. Ya kwanza ilinishinda. Ya aproni, uliyonitumia nakala yake juzi, nimeichora yote. Mwenye duka la vipuri ameniuliza nani anashona kati yetu.

Mama asijue kwanza. Na sasa nijibu na wewe, maana nimevua nguo zote. Kwenye zile sekunde ishirini kuna nini?

Mdogo wako.


6 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole. Hilo neno ni dogo, nimelipima kila upande halitoshi.

Nisamehe, Mama anajua. Nilikuwa nasoma barua yako kwa sauti ya chini, akaniambia, "Soma tu, najua. Alipokuja mara ya mwisho nilimwita kwa nyuma mara tatu, mpaka nikamtupia kitambaa ndipo akageuka." Nikamuuliza mbona hakusema. "Yeye mwenyewe alikuwa hajasema," akanijibu, akarudi kukunja nguo. Mwanamke huyu ananikosoa kufagia, kumbe jambo kubwa kama hili amelibeba kimya.

Zile sekunde ishirini nimezirekodi upya, pamoja na maneno ya kusoma kwenye kioo. Flashi ni hii. Sikutaka kuyaandika tangu mwanzo, kwa sababu maneno ya namna ile ukishayaandika unaanza kuyasahihisha. Haya sikuyasahihisha. Ni yale yale ya Februari, hata neno lililonigeukia. Lisome kwanza, halafu uniambie kama niliache. Mimi mwenyewe sijui la kufanya nalo. Nimemuuliza Mungu, bado ananitazama tu.

Dada yako.


21 Julai

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo, na kitambaa kile nilidhani ni upepo.

Nimeitazama asubuhi, duka likiwa halijafunguliwa kwa wateja. Mshale mkubwa, umetulia katikati. Maneno yakaja moja moja, nikayasoma na mwenye duka amesimama nyuma yangu:

"Mungu wangu, uongoze mkono wangu na ulimi wangu. Wabariki watakaonitazama nisiowaona. Na mdogo wangu atakayetazama wa kwanza, umlindie masikio yake, maana ndiyo riziki ya nyumba yake. Amina."

Kwa hiyo tangu Februari ulikuwa unaniombea masikio, na mimi nakuandikia ni tupu, zikate.

Niliirudisha mwanzo mara nne. Mwenye duka alikwenda akaleta chaki na kipande cha ubao mweusi, akaviweka juu ya kaunta. Sasa ubao uko mlangoni pa gereji. Nimeandika maneno machache, makubwa, kama ulivyonifundisha: SISIKII VIZURI. NIANDIKIE HAPA. INJINI NITAISHIKA.

Siku ya kwanza wateja wawili walisoma wakageuza magari yao. Wa tatu, mzee mwenye pikapu, alisoma, akakuna kichwa, akaichukua chaki, akaandika, "Inatetemeka nikipanda mlima." Nikaulaza mkono. Ulikuwa mpira wa kushikia injini, umechoka. Jina wameniachia lile lile, wanasema wamelizoea.

Dada, umeniuliza kama uliache neno lile. Usizikate hizo sekunde, hata moja. Ila siku ukirekodi tena, pale penye masikio, niandikie mikono.

Mdogo wako,
Sikio.